Mawese Ndani ya Injini

Kabambare

Mke wangu mpenzi, Mama Zaina,

Nakusalimu wewe kabla ya mtu mwingine yeyote wa huko, na wao wasione vibaya. Mgongo wako unaendeleaje? Mpunga umeshauvuna, au ndege wamekuwahi? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na leo nina furaha.

Unajua kilichonileta huku, baada ya mwaka mzima wa kutafuta kazi mbali nanyi. Mzee Shabani mwenye duka aliniita nifufue kamioneti yake ya mizigo, iliyolala bandani tangu vita vya Wazungu, petroli ilipokosekana. Ahadi yake ilikuwa moja: ikitembea, mimi ni shofere wake, na nyumba ya nyuma ya duka ni yetu, wewe na mimi na mtoto. Isipotembea, nirudi kwetu Nyangwe kwa miguu, kisha nikatafute kazi mbali zaidi.

Nje haikuwa na shida kubwa. Nyigu walikuwa wamejenga ndani ya bomba la moshi, na kuku wa mke wa mzee alikuwa akiatamia kwenye kiti cha shofere. Mama huyo alikataa katakata kuku aondolewe kabla ya kuangua. Basi wiki nzima nilifanya kazi kwa adabu, nikipitia mlango wa pili.

Taabu ilikuwa kwenye injini. Nilishika manivela, ule mkono wa chuma wa kuwashia, nikaning'inia kwa uzito wangu wote, haikuzunguka. Mzee Shabani akaanza kumlaani shofere wake wa zamani, aliyehamia Kasongo: “Mutu ule aliniharibia gari!” Nilipofungua, nikaona kitu chekundu kimeganda ndani kama utomvu, nikakinusa.

Mama Zaina, yalikuwa mawese. Na aliyeyatia ni mimi. Kamioneti ilipolazwa bandani, nilikuwa msaidizi wa shofere huyo. Aliniambia niitie injini mafuta isishike kutu, na mafuta ya gari hayakupatikana. Kwetu panga likiwekwa hupakwa mawese, mkuki hupakwa mawese. Nikaona injini nayo ni chuma tu. Nikaimiminia kibuyu kizima, tena kwa mapenzi.

Siku mbili nilimwacha mzee amtukane asiye na kosa. Siku ya tatu, baada ya swala ya alasiri, nikamwambia. Alinitazama mpaka nikaanza kuhesabu vijiji vya njia ya kurudi Nyangwe.

“Ni weye?”

“Ni miye, mzee.”

“Na iko namna ya kuyatoa?”

“Sijui.”

“Basi utajua. Mutu aliyefunga fundo, alifungue yeye.”

Nilijaribu kuyayeyusha kwa petroli ya taa, haikufua dafu. Ndipo nikakukumbuka wewe ukipika sabuni, jinsi maji ya majivu yanavyoyashika mawese mpaka yanageuka kitu kingine. Nikachoma maganda ya ndizi, nikachuja majivu, nikachemsha, nikamimina kwenye silinda. Mke wa mzee akacheka: “Ramazani, sasa unapikia gari?” Nilirudia siku tatu, manivela ikatikisika. Nikamwaga yote, nikasuuza, nikatia mafuta halali ya gari. Mipira ya ndani ya magurudumu ilikuwa imeoza, kwa hiyo matairi tuliyashindilia majani makavu.

Jumatatu asubuhi ikawaka! Ilikohoa, ikatoa moshi unaonukia samaki wa kukaanga, majirani wakaja kuuliza nani ana karamu. Nililia, sikufichi. Mzee akapanda pembeni yangu akasema, “Twende sokoni, watu waone.” Tuliporudi alinipa ufunguo wa nyumba.

Nitakuja mwenyewe kuwachukua, mara tu mchele wa mzee utakapopakiwa. Njiani nitasimama Kasongo nimwombe radhi yule shofere. Msalimie mama mkwe wangu, asiwe na wasiwasi, nyumba haivuji. Msalimie kaka yangu mvuvi na watu wote wa mtumbwi wake. Na shangazi yangu aliyesema sitafika popote, yeye msalimie mara mbili.

Zaina alikuwa mgongoni mwako nilipoondoka, sasa nasikia anakimbia. Hatanijua. Nikishuka garini, usimsukume aje kwangu. Mwache ajifiche nyuma yako, anitazame apendavyo. Safari hii siji kuaga.

Mumeo,
Ramazani