Mbuzi ya Kasereka Iko Wapi?

Kamango

Mama yangu mupenzi,

Wasingya, mama. Mugongo wako unaendelea aje? Na tata, muzee wako, kikohozi yake ilipungua? Huku kwa mujomba, ndugu yako, tuko bazima. Mujukuu wako Masika ameota meno ya mbele, na anapenda sombe, yale majani ya muhogo, kupita maziwa.

Mama, mutoto wako ni patronne sasa, mwenye kazi yake! Malewa yangu, kale kahoteli ya chakula, iko pembeni ya barabara, na bachuuzi benye kutoka Uganda banasema foufou ya Kahindo haina mabonge. Hata basoda, bale benye bunduki na benye kukula bure kila fasi, kwangu banalipa kabla ya kunawa mikono. Niliwaambia mimi mwenyewe, na banaogopa mwiko yangu.

Donc, barua yako ilifika. Nililia. Hapana juu ya bwana yangu Kasereka, juu yako.

Sikia. Tangu nilikimbia ile nyumba, bwana yangu anatuma batu. Kwanza alikuja mukatekista: eti Kasereka analia kanisani, amenisamehe. Ananisamehe! Yeye mwenye kuniita chérie mbele ya batu, na mulango ikifungwa, mujinga. Yeye mwenye kukaa wiki nzima bila kunijibu salamu, kisha anaambia majirani kama kichwa yangu hapana muzima. Nyuma yake akafika tantine yake, shangazi ya Kasereka, kwa miguu, na yale magoti yake mubovu, akapita njia ya Mbau wakati bunduki zilikuwa zinalia. Akasema Kasereka iko karibu kufa. Nikamupakulia maharagi, nikamuuliza:

— Tantine, ulimuona mugonjwa?

— Hapana, mwanangu. Alinieleza yeye mwenyewe. Mais alinikataza kusema kama ni yeye.

Na bote babili banamaliza na neno moja: «Kahindo, mwanamuke anajenga, hapana kubomoa.» Nafungua barua yako, mama, na lile neno iko mule, na mukono wako. Weee! Nikajua amefika jikoni kwako, amekaa, amelia. Hapana kosa yako. Ule bwana anachagua batu ya roho muzuri, anabatia maneno mu kinywa, na kila mutu anafikiri ni yake mwenyewe.

Mais mimi niko Munande, najua namna ya kwetu. Mwanamuke akiacha nyumba, bwana anaenda yeye mwenyewe kwa baba mukwe, na mbuzi na kasikisi, pombe ya ndizi, anakaa chini, anasema kosa yake na kinywa yake. Hapana kutuma mutu. Yeye anasema vita imefunga barabara. Vita gani? Toka kwake mupaka kwa tata, pale Butembo, ni kilima moja! Tantine muzee alipita kati ya bunduki, na yeye anavuka kile kilima kulia jikoni kwako mikono mitupu, mais kukaa mbele ya tata na mbuzi imemushinda.

Akirudi kulia, mupatie kiti, mupatie chai, na umuulize jambo moja: mbuzi iko wapi? Kisha umuangalie uso.

Unisalimie tata, na yaya Kambale, kaka yangu fundi wa matofali, na muke yake, na mama mukubwa mwenye kuimba korali. Na wewe, mama, njia ikitulia, kuja. Mais maneno yake uiache Butembo. Nataka kusikia yako.

Ni mimi mutoto wako. Sikurudi, mais sikupotea.

Kahindo