Bunduki ya Shoto Iliyokataa Kulenga

Karakana ya Klabu ya Shabaha,
Chumba cha nyuma, karibu na tangi la maji.
Jumapili, tarehe 17 Agosti.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na kile kikohozi cha asubuhi kimeshika adabu. Sisi huku tu wazima. Mama anasema presha yake imeshuka tangu alipoacha kubishana na jirani, ingawa juzi tu nimemsikia akibishana naye. Mimi nipo, nanenepa, na bado ndiye fundi bunduki pekee hapa klabuni. Waliletwa wanaume wawili wanisaidie, wakakimbia wenyewe. Sijui ni kazi au ni mdomo wangu.

Leo nina jambo moja kubwa, na nakuomba usome hadi mwisho kabla hujashika simu kunigombeza. Ni habari ya bunduki ya mwanao Shoto.

Uliambiwa alivyorudi uwanjani mtoto alipotimiza miezi mitatu. Akalala, akapiga risasi tano za mita mia tatu, na zote zikaenda kokote isipokuwa alikokusudia. Tukazungusha vifundo vya darubini kurekebisha. Risasi ya kwanza ikakubali, zilizofuata zikakataa. Kesho yake tukaanza upya. Ikawa hivyo wiki hadi wiki, leo juu, kesho kushoto, bunduki na darubini yake kama mke na mume walionuniana.

Usidhani nilikaa tu nikitazama. Nilibadilisha risasi, nikasugua mtutu ndani hadi ukang'aa, nikaazima darubini ya kocha nikaifunga palepale. Hakuna kilichobadilika. Basi watu wakapiga hesabu zao: risasi mpya, darubini mpya, kilichobaki ni mpigaji. Na kwa kuwa kitako cha bunduki ile kimechongwa kwa ajili ya mtu wa mkono wa kushoto, na klabu nzima wa kushoto ni yeye peke yake, hakuna aliyejisumbua kuijaribu. Daktari wa macho akampima, akasema macho hayana neno. Wakasema basi ni mkono. Kocha, kwa upole wake ule wa kukung'ata huku akikupuliza, akaanza kudokeza kwamba jina la Shoto halitaingia kwenye mchujo wa timu mwezi ujao.

Ndipo nilipokupigia kukuomba ushauri, nawe ukasema lile neno. Mjomba, simu ilikuwa mezani, sauti nimeifungulia yote, na mwanao amesimama mlangoni na mtoto begani. Hukujua, nami sikuwahi kukukatiza. Ulisema, "Mwambie aache. Mtu akishazaa, jicho lake liko kitandani kwa mtoto, haliko kwenye bunduki."

Shoto alimfunika mtoto, akaenda zake. Tangu siku ile hapokei simu zako, nawe kwa ukaidi wako umeacha kupiga, na mjukuu wako sasa ana miezi saba hujamsikia hata akilia. Iliniuma sana. Na iliniuma zaidi kwa sababu moyoni nami nilikuwa nimeanza kukubaliana nawe.

Jumatatu iliyopita akaniletea koti lake la shabaha, limefuliwa na kukunjwa, nimpe atakayelitaka. Juu yake akaweka karatasi zake zote za shabaha za hiyo miezi minne, akanituma nizichome na takataka za karakana. Nikamwambia sawa. Akaondoka bila hata kunitania, na wewe unajua Shoto asiponitania ana jambo.

Mimi na umbea wangu, nikazifungua kwanza. Mwanao anaandika namba kwa penseli kando ya kila tundu, moja, mbili, tatu, kama ulivyotufundisha sote wawili tukiwa wasichana na tukaona ni usumbufu wa wazee. Mimi niliacha zamani. Yeye hajaacha hata siku aliyopiga vibaya kuliko zote.

Nikazipanga mezani, nikazifuata namba kwa kidole. Mkono ukitetemeka, Mjomba, risasi hutawanyika: ya kwanza huku, ya pili kule, ya tatu nje kabisa. Hizi zilikuwa zinahama. Ya pili iko kando ya ya kwanza, ya tatu imeipita ya pili, ya nne imeipita ya tatu, zote zikielekea upande mmoja kama watu wanaotoka msibani. Mkono wa mtu hauna mpangilio wa namna ile. Kuna kitu kilikuwa kinasogea.

Nikachukua rangi ya kucha, ile nyekundu ya mama, nikachora mstari mmoja mwembamba kuanzia kwenye kikalio cha darubini, kile chuma kinachoishikilia juu ya bunduki, hadi kwenye mwili wa bunduki. Nikaiegemeza bunduki kwenye magunia ya mchanga, nikapiga mwenyewe risasi kumi na tano, kwa bega lisilo langu. Halafu nikatazama mstari wangu. Ulikuwa umekatika katikati. Kipande cha juu kimesogea mbele ya cha chini, unene wa unywele tu, na unywele pale kwenye kikalio ni shubiri nzima kule kwenye mita mia tatu.

Nikafungua skrubu, nikainua kikalio. Chini yake palikuwa na mafuta yanayong'aa kama kikaango. Kila risasi ikipigwa, kikalio kinateleza kidogo na darubini inakwenda nacho. Ndiyo maana hata ya kocha haikusaidia.

Sasa niulize mafuta yale aliyapaka nani. Ni mimi. Shoto alipokuwa mjamzito aliniachia bunduki yake nimtunzie, na mimi kwa mapenzi, kila Jumamosi naifungua yote, napaka mafuta hadi chini ya kikalio, nafunga. Aliporudi niliendelea vilevile. Zamani alipokuwa akiisafisha mwenyewe hakuwahi kugusa pale. Bunduki nyingine za klabu hazina darubini, na ya kocha huisafisha mwenyewe, kwa hiyo mafuta yangu hayakuzidhuru, nami nikajiona fundi wa mafundi.

Na mimi nani alinifundisha? Mjomba, usicheke. "Chuma hakina adui ila kutu, penye chuma paka mafuta." Enzi zako bunduki zililengwa kwa jicho tupu, hapakuwa na kikalio cha kuteleza, na neno lako lilikuwa sahihi. Sikulaumu. Lakini ukweli ndio huo: mafuta ni yako, mkono ni wangu, na aliyebeba aibu ni mwanao.

Mficha uchi hazai. Asubuhi yake nilisimama mbele ya kocha na wapigaji wote nikasema kosa ni langu. Nilisema kwa sauti, maana nikijisifu pia huwa nasema kwa sauti. Kisha nikamfuata Shoto nyumbani, nikamweleza huku anakunja nepi. Nilitegemea kofi. Akaniambia, "Dada, nilikuwa nimeshaanza kuwaamini." Kisha akalia, nami nikalia, mtoto akatushangaa wote wawili.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Niliosha kikalio na skrubu kwa spiriti, nikakausha, nikakaza kwa zamu kidogo kidogo hadi vyote vikashika sawa, bila tone la mafuta. Alhamisi Shoto akalala chini. Risasi tatu za kurekebisha, kisha tano za kweli. Hizo tano unazifunika kwa kifuniko cha kopo la kahawa. Ijumaa vilevile, jana vilevile, na wala hatukugusa kifundo. Kocha amelirudisha jina lake kwenye orodha kwa kalamu, si penseli, na koti nimemrudishia.

Karatasi ya Alhamisi ndiyo hii niliyoikunja humu ndani. Zamani alikuwa akikutumia karatasi ya kwanza ya kila msimu. Hii nilimwomba akutumie, akakataa, akasema baba hana haja na karatasi za mzazi. Basi nimeiiba. Itazame vizuri, uitazame tena, halafu usinijibu mimi. Bunduki nimeshaitengeneza, lakini lile neno hulifuta aliyelisema. Mwandikie mwanao. Usimweleze habari za mafuta, mwambie ulikosea.

Nisalimie Kaka Dereva na wifi, na wale mapacha waambie shangazi yao bado anadai barua. Mama anakusalimu, anasema kaka yake ni mkaidi tangu utotoni na yeye ni shahidi. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe usingizi wa kutosha na ulimi mlaini.

Mpwa wako akupendaye, hata ukinuna,
Bisibisi

N.B. Nilikuwa nimeiacha bahasha wazi mezani nikaenda kunawa. Niliporudi nimemkuta Shoto amekaa kwenye kiti changu, mtoto mapajani, barua yote ameisoma. Nikangoja anitukane. Karatasi yake ameikunja tena, ameirudisha kwenye bahasha mwenyewe. Akaniambia, "Mwambie babu yake kwamba huyu ameota jino." Ni la chini, lilitoka juzi.