Karatasi ya Salim

Majengo, Mombasa

Dada yangu Mwanaisha,

Salaam aleikum. Nakuuliza hali kwanza, na goti la Mama, kabla hujanikasirikia, maana ukifika chini utanikasirikia. Mimi mzima. Ukarani wa Kilindini ni ule ule, makaratasi ya makontena na makelele ya madereva.

Uliniomba Idi nikuletee karatasi ya marehemu Salim, ile aliyoandika kwa penseli habari za Bi Kirembo, mchawi aliyembuni kwa ule mchezo wa hadithi na dadu aliocheza na wenzake, kila mmoja na mtu wake wa kubuni. Tangu ndugu yetu afariki, mimi ndiye niliyekuwa nikimchezea huyo bibi, kila Jumapili baada ya alasiri, kwa Omari, Bondeni. Omari ndiye msimulizi. Mchawi akikosea uchawi, dadu ya pande ishirini hutupwa na nambari husomwa kwenye orodha ya balaa: moja ni kuota vipele, ishirini ni kuteketea. Mchawi akifa, mwenye kumchezea huichana karatasi yake na kuitia kwenye seredani ya kahawa. Ndiyo desturi ya pale.

Sasa Omari alikuwa akitupa dadu nyuma ya sinia, peke yake. Siku moja niliinuka kujimiminia kahawa nikaiona: ishirini, ya mchawi wa Fahmi, shemeji yake. Omari akatangaza vipele! Nilipandwa na hasira. Nilimwita mwongo mbele ya watu, na Fahmi nikamwita mtoto wa kubebwa. Sikunyamaza mpaka wakakubali: dadu itupwe juu ya sinia, wote tuione, na hakuna kurudia, awe nani. Mchawi wa Fahmi akafa pale pale. Fahmi alipokuwa akiichana karatasi yake ya miaka mitatu, mimi nilicheka. Nilicheka sana, dada.

Jumapili iliyofuata Bi Kirembo akakosea. Nikatupa mwenyewe. Ishirini.

Omari akasema, "Abdalla, huyu ni wa marehemu. Hebu tupa tena, hapana atakayeteta."

"Tupa, nduu yangu," Fahmi naye akasema. "Mimi nishasamehe."

Laiti angenicheka. Huruma yake ilinikera kuliko matusi. Nikajibu, "Haki ni haki," nikaichana karatasi vipande vinne, nikaitia motoni. Fahmi alitia mkono kwenye makaa kuiokoa. Akaungua vidole, asipate kitu.

Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza hata kumwacha bibi afe na karatasi nikaitia mfukoni. Nilitaka tu nisishindwe na Fahmi kwa wema.

Kwenye karatasi ile, palipoulizwa anachokiogopa Bi Kirembo, Salim aliandika: "Dadangu Mwanaisha akishika mwiko." Mstari huo naukumbuka. Mingine nimeshaanza kuisahau.

Nisalimie Mama, lakini barua hii usimsomee. Msalimie shangazi Rukia, mpishi wetu wa mahamri, na mjomba Athman mwadhini. Idi nitakuja mikono mitupu. Ukitaka nipokee kwa mwiko.

Ni mimi, nduguyo uliyebakiwa naye,

Abdalla