Sahihi Niliyoizuia

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya mashine ya kusafisha damu. Tumetoka Navakholo alfajiri kwa gari la jirani. Barabara ya murram imechimbika vibaya. Mke wangu Rebeka ameegemea dirisha njia nzima, amefumba macho. Muda wa saa nne kitandani, damu yake ikizunguka kwenye mipira. Mimi kwenye benchi la nje na gazeti la juzi. Hivi kila Jumatatu na kila Alhamisi, mwaka wa pili sasa.

Kutoka hospitalini tulipitia nyumba. Niandike mambo yalivyo, maana nikiandika ndipo naelewa. Kampuni imejenga nyumba kumi na mbili pembeni mwa mji wa Kakamega, robo saa kwa miguu kutoka hospitali. Yetu ni ya saba. Benki haimkopeshi mtu wa umri wangu peke yake, kwa hiyo mkopo uko kwa jina langu na la binti yetu Linet, anayefanya kazi Kisumu. Benki hulipa kampuni kwa awamu. Awamu ya mwisho hutoka nikishatia sahihi karatasi ya kupokea nyumba. Kabla ya sahihi, kampuni inanihitaji mimi. Baada ya sahihi, mimi ndiye ninayeihitaji kampuni. Ndiyo maana sijatia.

Nyumba ina kasoro. Nilifundisha useremala na ujenzi miaka thelathini na mmoja. Siwezi kujifanya sioni. Mlango wa jikoni unakwaruza sakafu. Ukuta wa mashariki una unyevu. Sakafu ya bafu inateremkia chumba cha kulala badala ya kuteremkia tundu la maji. Nimeweka pimamaji mara tatu, jibu ni lile lile. Kwa jumla kasoro kumi na tisa.

Rebeka alisoma orodha yangu akacheka mpaka akakohoa. "Mwalimu, hata nyumba umeitia kalamu nyekundu."

Jumamosi, 8 Machi

Miaka thelathini na minane ya ndoa, na Rebeka hajawahi kukaa katika nyumba yake. Mwanzo tulikaa nyumba za shule, na kila nikihamishwa alifungasha. Kisha boma la baba, katika nyumba aliyoijenga mama yangu. Mama amekufa zamani, lakini mpaka leo wanawake wa ukoo wakija husema wamekuja kwa Mama Barasa. Barasa ni kaka yangu mkubwa. Rebeka huwakaribisha chai.

Kwetu nyumba mpya hufunguliwa na mume na mke. Huingia pamoja, huwasha moto, hupika obusuma, yaani ugali, hulala, huamka. Kuanzia hapo nyumba ni ya mke yule, hata akija kuondoka duniani. Lakini akifa kabla, nyumba haimjui. Mume akiingia peke yake, ile ni nyumba ya mjane, na wazee hawapendi vitu vya marehemu viingizwe humo. Mimi ni mtu wa vipimo, siyaamini yote haya. Rebeka anayaamini, na yeye ndiye mgonjwa.

Leo amesema twende tukalale siku moja tu. Kasoro zitengenezwe tukiwa ndani. Nikamweleza habari ya sahihi. Nilieleza vizuri, hatua kwa hatua. Alisikiliza mpaka mwisho kama mwanafunzi mwenye adabu, kisha akatoka kwenda kuanua nguo.

Alhamisi, 13 Machi

Mashine. Baadaye nyumba. Mlango wa jikoni umerandwa, sasa unafunga bila kelele. Bafu bado. Fundi mkuu ananiambia maji hujitafutia njia yenyewe. Nikamjibu ni kweli, na njia yenyewe inapita chini ya kitanda changu. Wenzake walicheka, yeye hakucheka.

Nafula, msichana wa ofisi ya mauzo, ameleta tena ile karatasi na kalamu juu yake. Ana heshima. Ameniambia wenzangu kumi wameshatia sahihi. Nikamwambia wenzangu hawana pimamaji.

Rebeka alikuwa amekaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, sebuleni, akiangalia mlango wa chumba cha kulala.

Jumatano, 19 Machi

Mvua tangu saa nane. Miguu yake imevimba. Kasoro zilizobaki ni kumi na moja.

Jumatatu, 24 Machi

Niandike bila kujitetea.

Baada ya mashine alikuwa dhaifu kuliko siku zote. Tulifika nyumbani kule, nyumba ya saba, yapata saa tisa. Mafundi walikuwa wameacha maboksi matupu ya vigae chumbani. Aliyakunjua yeye mwenyewe, akayatandaza sakafuni chini ya dirisha, akavua viatu akavipanga ukutani. Akajifunika leso. Mimi nikaingia bafuni kupima kazi yao mpya. Niliporudi alikuwa amelala kweli kweli, mdomo wazi kidogo. Mvua ilianza juu ya mabati. Sijamwona amelala hivyo tangu mwaka juzi. Nikarudi bafuni polepole nimalize vipimo.

Nafula akaja na mwavuli. Akamwona. Akasema kwa sauti ya chini kwamba, Mwalimu, hairuhusiwi mtu kulala ndani kabla ya sahihi, ofisi wakisikia watasema mmeshapokea nyumba.

Alikuwa sahihi. Kulala ndani ni kupokea. Kampuni ingeweza kuiandikia benki kwamba tumeshaingia, na mimi ningebaki na bafu langu. Nilifikiri yote hayo kwa muda mfupi sana. Nilifikiri vizuri.

Nikamwamsha.

Alikaa kitako, akatafuta viatu. Aliniuliza kama ni asubuhi. Nikamwambia hapana, twende.

Alhamisi, 27 Machi

Homa tangu jana. Hawakumweka kwenye mashine, wamemlaza wodini. Daktari anasema sumu imeingia kwenye damu kupitia mpira wa shingoni. Linet amefika kutoka Kisumu.

Rebeka ameniambia nimpeleke nyumbani. Nikamuuliza nyumbani wapi. Akanitazama kama nimeuliza swali la kijinga. Ni la kijinga.

Nimempigia Nafula nikamwambia nitatia sahihi kesho. Kesho akasema hayupo, yuko mafunzoni, mpaka Jumanne.

Jumapili, 30 Machi

Saa moja asubuhi. Linet alikuwa ameshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto.

Jumanne, 1 Aprili

Nimetia sahihi. Sikusoma karatasi. Miezi miwili na nusu niliizuia, na kuiandika kulichukua muda wa kufungua kalamu. Nafula alikuwa analia. Akaniuliza kama nataka kasoro zilizobaki ziandikwe kwenye kiambatisho. Nikamwambia aandike anavyopenda.

Nina hasira na mafundi, na kampuni, na benki. Zaidi ya wote nina hasira na mtu aliyekuwa na haki katika kila jambo.

Jumapili, 6 Aprili

Tumemzika jana Navakholo, bomani. Mtaa ule mpya hauna mahali pa kuzika mtu.

Niandike ya Ijumaa. Tulimtoa mochari saa tano, na nikamwambia dereva apitie nyumba ya saba kwanza. Langoni kaka yangu Barasa alishuka akasimama mbele ya gari, mikono miwili juu ya bakora. Ana miaka sabini na sita.

"Nyumba haifunguliwangi na maiti," alisema. "Wewe umesoma, lakini hili hujui."

"Ilishafunguliwa, kaka."

"Na nani?"

"Na mimi na yeye. Jumatatu ya wiki iliyopita, saa tisa."

"Mliwasha moto?"

"Hapana."

"Mlikula nini?"

"Hatukula."

"Mlilala?"

"Yeye alilala."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Bafuni. Nilikuwa napima sakafu."

Shangazi mmoja nyuma ya gari akaguna, na nikajua anazuia kicheko, na Linet akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Barasa alinitazama.

"Wewe, Mwalimu!" alisema. "Mke amelala, wewe unapima sakafu!"

Kisha akageuka akawaambia vijana wainue jeneza, na waingie kwa mlango wa mbele, wasipitie jikoni.

Tulimweka chini ya dirisha. Wanawake wa kanisa waliimba tenzi tatu. Shangazi aliwasha jiko la makaa nje, akasonga obusuma kidogo, kila mmoja wetu akamega. Nilikaa sakafuni karibu naye. Safari hii hakuna aliyekuja kunihimiza. Barasa ndiye aliyesimama mlangoni kuzuia watu, na tulipomaliza alisema tu, "Haya. Amelala vya kutosha," akaongoza kutoka.

Sijui kama ilihesabika. Sikumwuliza.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimehamia. Linet ameleta kitanda, meza na sufuria. Nguo za mama yake ameziweka kwenye kabati la upande wa kushoto, hakuniuliza, nami sikumzuia. Amerudi Kisumu kwa gari la saa tisa.

Jumatano, 23 Aprili

Asubuhi tulivu. Nilikuwa nachemsha chai niliposikia hodi. Mwanamke kijana, mtoto mgongoni, fungu la kunde mkononi. Amehamia nyumba ya nane juzi. Ameniamkia vizuri, akanyoosha kichwa kidogo kutazama nyuma yangu, akauliza kama mama mwenye nyumba yuko.

Nilifungua mdomo nimweleze. Mambo yote yalikuwa tayari, tangu mwanzo, kwa mpangilio.

Nikasema ametoka.

Akacheka, akanipa kunde. Akasema basi nimwambie kuwa Mama Brayo wa nyumba ya nane alikuja kumsalimia.

Nikasema nitamwambia.