Mbegu ya Mwacheni

Assalamu alaykum, Baba, wewe na majirani zako wapya.

Sisi wazima. Mama magoti bado yanamsumbua, ila ulimi ni ule ule. Banda lako nimelifagia mara mbili tu tangu ulipotuacha, nakwambia kweli, maana nikiiona ile kamba ya mchezo wa ng'ombe imening'inia huwa nageuza.

Nianze na dume lako Mwacheni, kwa sababu ndilo lililonifanya nikuandikie.

Unakumbuka kila nikija Wambaa na mtungi wangu wa mbegu za ng'ombe, zimeganda kwa ile baridi inayotoa moshi, uliniuliza swali moja. "Na huyu wangu humtii humo?" Nami nakujibu kisomi, kwamba madume ya kwenye mtungi yana karatasi, yanajulikana baba zao na maziwa ya mama zao. Nawe unanambia, "Na huyu babake namjua na babuye namjua. Karatasi ya nini?" Tunacheka. Mimi nilikuwa nacheka zaidi, na hilo linaniuma.

Ulikuwa hucheki bure. Majike hukumruhusu kuyasogelea, ukiamini dume la mchezo likipanda linapungua nguvu, na uwanjani kweli hakuna mchezaji aliyemweza. Hana ndama hata mmoja. Ulikuwa ukinitegemea mimi, mwanao niliyesomea uzazi wa wanyama mpaka Morogoro, na mimi miaka yote hiyo nahangaika na mbegu za madume nisiyowahi kuyaona kwa macho.

Siku ya hitma yako wakamchinja Mwacheni. Ami Hamad alisema ndivyo ulivyousia. Nilikuwa uani na wanawake, napepeta mchele, nikasikia wanaume wanamwangusha. Baba, nilijua. Dume likichinjwa, mbegu hubaki hai kwenye korodani kwa saa kadhaa, na anayejua kazi huzitoa akazigandisha. Nimeyaandika hayo kwenye tasnifu yangu. Kidumu cha barafu kilikuwa garini.

Niliinuka, nikafika mlangoni. Nikamwona Shehe, nikawaona majirani wote, visu mikononi. Binti wa marehemu atoke jikoni, siku ya hitma ya babake, aulizie korodani za ng'ombe? Nikarudi kwenye ungo wangu. Zikafukiwa mgombani pamoja na uchafu wa tumbo. Pilau nilikula, Baba. Nilikula na nikasifu.

Sasa mambo yamegeuka. Ng'ombe wa kisasa niliowahangaikia wanateketea kwa kupe, na kule Micheweni kwenye mawe hawapati malisho ya kuwatosha. Kazini wanataka tukusanye mbegu za ng'ombe wetu wa asili. Mimi ndiye ninayezunguka kuyatafuta madume, na sijaona mfano wa lako. Bi Mize, mfugaji wa huko Micheweni, aliniuliza kama kuna mbegu ya Mwacheni, maana alimwona akicheza akampenda. Nikamwambia hakuna, wakati ule vifaa havikuwepo.

Nilimdanganya mtu mzima mchana kweupe. Akanipa pole na madafu.

Mwezi uliopita kulikuwa na harusi kwa Ami Hamad, wakachinja dume. Safari hii nilikwenda na kidumu changu mpaka pale pale walipo wanaume, nikamwomba Ami anipe korodani. Kijana mmoja akaangua kicheko, mwenzake akamkanya. Ami hakucheka. Alinikabidhi mwenyewe, zimefungwa kwenye jani la mgomba, akanivuta pembeni.

"Babako aliniusia," akasema. "Alinambia, 'Kabla hamjampasua Mwacheni, mwiteni Zuwena, yeye anajua cha kuchukua.' N'liona haya, mwanangu. N'taanzaje kukwita mbele ya watu kwa jambo kama lile?"

Kumbe siku ile yeye amesimama nje na haya zake, mimi niko ndani na zangu, kati yetu mlango mmoja. Na wewe ulikuwa umekwisha kulipanga jambo lote, hata siku ya kuchinjwa. Ulimtoa Mwacheni ili mbegu yake niichukue mimi, Baba, nami nikakaa kupepeta mchele.

Nisamehe. Najua ungesema yamepita, lakini sikukuuliza ulipokuwepo, na leo siwezi kukusikia.

Jumamosi nakwenda Micheweni kumwambia Bi Mize kwamba vifaa vilikuwepo, na mimi nilikuwepo. Akitaka kunisema aniseme. Yasini nakusomea kila Ijumaa, hiyo haijakatika.

Lala salama, Baba. Mungu akuangazie kaburi lako. Na siku yoyote litakapochinjwa dume zuri Pemba hii, iwe harusi, iwe hitma ya mtu yeyote, nitatoka jikoni bila kungoja kuitwa.

Mwanao,
Zuwena