Asha Afumue Mwenyewe

Jumatatu, 15 Septemba

Umekumbuka leo, Mwajuma. Tangu masika hujagusa daftari. Ulidhani mambo ya nyumba hii yatajiandika? Binti yako Zuhura alikufundisha herufi kwa kijiti hapo uani, yeye mtoto wa darasa la tatu, wewe mtu mzima usiyewahi kukanyaga shule. Hakukufundisha ili uje kuwa mvivu. Aibu yako.

Haya. Ukindu nimeunyunyizia maji, unalainika. Ukili ninaousuka, utepe wa kushonea mkeka mpya, umefika pima nne. Nikishaandika naendelea.

Jambo lenyewe ni hili. Shuleni kwa mjukuu wangu Asha, hapa Visiga, wameletewa vishikwambi. Ndani yake mna akili mnemba inayofundisha hesabu. Mtoto anaandika, inamjibu kwa Kiswahili safi. Asha anasema haifoki wala haichoki. Nimefurahi. Anarudia darasa la nne huyu, hesabu za sehemu zilimwangusha. Na Zuhura, mama yake, ameshatamka: akifeli tena mtihani wa mwezi wa kumi, anamchukua wakaishi wote Dar.

Nimemlea tangu ana miezi minane. Sitaki aondoke. Naandika wazi, sitaki.

Alhamisi, 18 Septemba

Daftari la Asha vema tupu. Kurasa tatu. Hesabu za shule sizijui, lakini vema naijua na kosa nalijua. Kila anachopata kwenye kishikwambi anakinakili humo.

Nimempikia muhogo wa nazi. Kala sahani mbili.

Ijumaa, 19 Septemba

Mtihani wa majaribio, wa karatasi. Alama nane kwa hamsini.

Nane.

Nimemuuliza zile vema zilitoka wapi. Anachora chini kwa kidole cha mguu. Nimemfokea. Kisha nimemwogesha na kumsuka nywele. Sijui nilikuwa namwadhibu au namwomba radhi.

Jumanne, 23 Septemba

Nimekwenda shule. Nilijifunga kanga ya ugomvi. Mwalimu wake, Mwalimu Grace, ni binti wa Mbeya, mwembamba, sauti imekauka kwa chaki. Kaniamkia vizuri, shikamoo bibi, nikaitikia huku nimekunja uso. Nikamwambia chombo chenu kinamdanganya mtoto wangu.

Hakubisha. Kanivutia kiti, akasema, "Kaa nyuma yake, bibi, uone mwenyewe. Mimi nilijua juzi tu."

Watoto themanini na saba, mwalimu mmoja. Kishikwambi kimoja watoto watatu, wanapokezana. Zamu ya Asha ikafika. Chombo kikamuuliza swali. Akaandika: sijui. Kikamwelekeza kidogo. Akaandika: sijui. Kikamwelekeza zaidi. Sijui ya tatu, kikamfungulia hesabu nzima, hatua kwa hatua, mpaka jibu. Akanakili. Vema. Kidole hakikutua hata kidogo. Hakusoma neno.

Mwenzake akamnong'oneza, "Bibi yako yuko nyuma." Asha akajikunyata.

Nilicheka, Mungu anisamehe. Mjanja yule.

Nikamwambia mwalimu kirudishwe kilikotoka. Kaniambia, "Bibi, wapo humu niliokuwa siwafikii mwaka mzima. Sasa wanauliza, wanajibiwa. Nikikirudisha, wao nitawaambia nini?" Kanga ya ugomvi nimerudi nayo hivyohivyo.

Jumatano, 1 Oktoba

Zuhura kapiga simu. Habari za ile nane zimemfika. Hakusalimia sana. Kasema mtihani ukipita anakuja kumaliza jambo hili. Nikamweleza kosa ni la mashine, inammalizia mtoto kazi.

Kasema: "Mama, mashine inafanya unavyofanya wewe. Ukili wa Asha nani anaumalizia?"

Nikamjibu maneno makali. Nikakata simu.

Jioni Asha kaniletea ukili wake. Kakosea kwenye pindo, kama kawaida. Kaniwekea mapajani, akaenda kucheza. Mikono yangu ikaanza yenyewe kurekebisha. Nikaitazama ile mikono.

Kwetu Kisarawe mtu anayejifunza kusuka haguswi ukili wake. Akikosea anafumua mwenyewe hadi alipokosea, hata ikibidi kurudi pima nzima. Marehemu mama alikuwa anakalia viganja vyake asije akanigusa. Nililia, nilimchukia, nikajua kusuka. Zuhura nilimlea hivyohivyo. Asha sikumfanyia. Niliona mtoto mama yake yuko mbali, baba hajulikani aliko, basi nikamrahisishia. Pindo ninamalizia mimi. Kitanda ninatandika mimi. Hata maneno ninamjibia mimi, wageni wakimuuliza.

Nimemharibu kwa huruma. Ndiyo hivyo.

Ijumaa, 3 Oktoba

Nimerudi kwa Mwalimu Grace. Safari hii kanga ya kawaida. Nimembebea ukili mbovu wa Asha nikamwonyesha kwa vidole: anayefundisha kusuka haonyeshi jibu, anamwuliza mtoto, umeanza kwenda kombo wapi? Basi. Akishapaona, nusu ya kazi imekwisha.

Mwalimu kaufuata ukili kwa kidole hadi kwenye kosa. Kasema hicho chombo kinapokea maagizo ya mwalimu, yeye hakuwahi kukiandikia. Tukaandika pamoja. Mimi nasema, yeye anabonyeza: usimpe mtoto jibu hata akisema sijui mara kumi. Mwambie akuonyeshe alichofanya. Mwulize alipoanza kupotea. Mrudishe hapo, usiende mbele yake.

Kikajibu kimeelewa. Kina adabu, lazima niseme.

Nyumbani nimemrudishia Asha ukili wake, aufumue mwenyewe.

Jumapili, 12 Oktoba

Siku tisa ngumu. Shuleni chombo hakimpi. Nyumbani simpi. Kaninunia. Juzi kanitamkia, "Bibi, na wewe umekuwa kama kile kishikwambi." Nikamwambia ndiyo, tumepanga njama. Hakucheka. Mimi nilikwenda jikoni nikacheka, kisha nikalia kidogo. Moshi.

Ukili kaufumua mara nne. Jana kaufumua bila kuambiwa.

Mwalimu anasema bado anakosea nyingi, ila sasa anajua alipokosea. Mtihani u karibu. Naogopa. Huenda nimechelewa, na mtoto ndiye atakayelipia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mtihani umekwisha leo.

Asha karudi, kavua viatu, kanywa maji. Sikuuliza. Mwishowe kasema mwenyewe, "Swali la sehemu nilifuta mara mbili, bibi. Nilijua nilipopotea." Nikasema haya. Kala, kalala mapema.

Zuhura yupo, kaja mchana. Kafua sare za mtoto, hakuniruhusu kusaidia. Kasema atasubiri matokeo ndipo aamue, na Asha mwenyewe ataulizwa. Nilifungua mdomo nimjibie Asha. Nikaufunga.

Nyumba imetulia. Wote wawili wamelala chumba kimoja.

Mwajuma, ukifungua tena daftari hili, matokeo yawe yametoka. Andika kwanza alichosema Asha, kwa maneno yake, usiongeze lako. Yako yafuate chini.