Barua za Swaleh Ulizotusomea

Baba,

Leo sikuamkii. Nikianza na shikamoo nitakuwa nasema uongo, na nyumba hii uongo imeshiba.

Mama alitoka eda miezi mitatu iliyopita. Alinituma nifungue kasha lako nitoe nguo za kugawa sadaka. Chini ya kanzu nikakuta barua zote za kaka Swaleh tangu aende Maskati mwaka wa themanini na mbili, zimefungwa kwa uzi. Nikafungua moja. Herufi zikachanganyika. Nikaishika mbali na macho, mkono umenyooka mpaka mwisho, nikaenda nayo mlangoni penye mwanga. Hapo nikakukumbuka. Ndivyo ulivyokuwa ukifanya wewe.

Nina miaka arubaini na nne. Nilikwenda kwa daktari wa macho anayekuja hapa Malindi kila mwezi. Akaniambia si maradhi, ni umri, humpata kila mtu. Akanijaribisha miwani, ya tatu ikanikubali. Adhuhuri nimesharudi nyumbani, naona tundu la sindano. Asubuhi moja tu, Baba. Wewe ilikushinda miaka mingapi?

Mzee Athmani jirani alikupa miwani yake ujaribu, ukamrudishia mbele ya watu barazani, ukamwambia wewe si kipofu. Ulikuwa msomaji wa mtaa mzima, watu wakikuletea barua hata kutoka Mambrui. Msahafu ulikuwa nao kifuani, ukifunua kurasa hakuna aliyeshuku. Barua ya Swaleh hukuwa nayo kifuani. Nilipoomba niisome mimi ulisema, "Barua ya mwanangu haisomwi na mtoto mwingine nikiwa hai." Nikanyamaza. Kwa hilo najilaumu mwenyewe.

Kila barua ulisoma vilevile: hajambo, kazi nyingi, anawasalimu nyote. Mama akiuliza, "Mimi hakunitaja?" Nawe ukijibu, "Amesema nyote," ukaikunja, ukisema utamjibu mwenyewe.

Nilipopata miwani nilimsomea zote, tumekaa jikoni. Katika ya pili Swaleh anaandika: "Mama, nisamehe kwa kuondoka bila kukuaga. Nijibu japo neno moja." Katika ya tano amepata binti, amempa jina la Mama, Mwanaidi. Mtoto huyo anakaribia miaka minne, na bibi yake hakujua kama amezaliwa. Ya mwisho ni mistari mitatu. Anasema kimya chetu amekielewa, hatatusumbua tena. Siku ile ulitusomea kuwa hajambo, kazi nyingi.

Mama hakulia. Alisema, "Kumbe alikuwa akinitaja." Kisha akavuta mbuzi, akakuna nazi mbili, na sisi tulihitaji moja.

Sijui ulikuwa ukiona kiasi gani. Hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba siwezi kukuuliza. Labda uliona neno mojamoja ukaogopa kulikosea mbele yetu. Labda hukuona kitu. Vyovyote vile, uliona heri Mama aumie kuliko wewe uonekane umezeeka.

Nimemwandikia Swaleh nikamweleza yote. Amejibu. Hakukutukana, nami nisingemkataza. Ameleta picha ya mtoto, na anasema watakuja baada ya Ramadhani. Mama hulala na ile picha chini ya mto. Jina lake lililoandikwa nyuma ya picha hawezi kulisoma, lakini hulipitishia kidole.

Nitakuombea dua kila Ijumaa, kwa kuwa ni haki yako kwangu na Mwenyezi Mungu ataniuliza. Kukusamehe, bado. Usinihimize. Na nakuahidi hili: siku wanangu wataniletea kitu nishindwe kukisoma, hata na miwani, nitawaambia sioni. Nitawaambia mbele ya watu.

Kwaheri, Baba.

Bintiyo,
Zuhura